Sauti ya Mtu wa Karibu

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Kila mwezi alipita kwenye nyumba mia saba na ushee. Alijua geti lipi linalia likifunguliwa, mbwa yupi anabweka tu na yupi anauma kweli, mfuniko upi umekaliwa na siafu. Watu walimwita Mita. Wenye adabu zaidi walimwita Bwana Mita, na yeye aliitika majina yote mawili. Salamu alipewa nyingi, ila zilikuwa salamu za dirishani, na mara nyingi aliyezitoa alikuwa ameshageuka kabla hajajibiwa.

Miaka minne nyuma aliugua. Haikuwa homa wala kidonda. Aliamka asubuhi moja akashindwa kufunga kamba za viatu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, mpaka jua likahama dirisha. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu hakuvaa hata hicho kimoja. Miezi mitatu ilikatika namna hiyo: hali chakula vizuri, haogi, hataki kusikia hodi. Mwishowe alijikokota mpaka kliniki, huko wakaupa ugonjwa wake jina, sonona, wakampa dawa na mshauri wa kuzungumza naye, na polepole akarudi kwenye mita zake. Tangu hapo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikwenda kliniki, akaulizwa hali, akajibu salama, akachukua dawa na kuondoka. Kazini alisema anakwenda kupima presha. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliona afadhali kuumbuliwa na kifo, maana hicho huja mara moja, kuliko kuumbuliwa na midomo ya watu kila asubuhi.

Alhamisi moja, akiwa anatoka na kifuko chake cha dawa, alisimamishwa na daktari mmoja mwanamke, bado kijana, aliyevaa viatu vya raba na kubeba mafaili kifuani. Hakuwa daktari wa kutibu, alikuwa wa utafiti. Alimweleza kwamba hospitali ina mashine kubwa ya sumaku inayoweza kupiga picha ubongo wa mtu aliye macho, ikaonyesha sehemu ipi inafanya kazi zaidi kwa wakati gani. Yeye na wenzake walitaka kujua ubongo unafanya nini mtu anaposikia sauti ya mtu wake wa karibu, na kama kuna tofauti kati ya waliowahi kuugua sonona na wasiowahi.

"Upweke na ugonjwa huu hutembea pamoja kama kuku na kifaranga," alisema. "Sisi tunatafuta nani anatangulia."

Kisha akamuuliza huwa anakula na nani. Mita alishtuka kidogo. Kwa miaka minne alikuwa ameulizwa kama anakula, wala si anakula na nani. Akajibu kwamba anakula mwenyewe, na kwa kuwa swali lile lilimgusa mahali, akakubali kuingia kwenye utafiti.

Fomu ilikuwa na maswali thelathini na mawili. La kumi na nne lilikuwa fupi kuliko yote: mtaje mtu wako wa karibu atakayekuja kurekodi sauti. Aliliruka, akajaza yaliyobaki mpaka mwisho, akarudi kulitazama. Aliwaza majirani wa ghorofa yake, ambao majina yao aliyajua kutoka kwenye bili. Akawaza mke aliyewahi kuwa naye, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu mwingine katika mji mwingine. Mwisho akaandika jina la mwenzake wa kazini.

Mwenzake huyo ndiye aliyepokea karatasi za wasoma mita wote, akazihakiki na kuzigonga mhuri. Aligonga kwa nguvu na kwa furaha, meza nzima ikaruka, na ndiyo maana ofisini walimwita Mhuri. Mita alimwambia ni utafiti wa mambo ya kusikia, na kwamba inatakiwa sauti ya rafiki. Mhuri akakubali kabla hata sentensi haijaisha. Tena akaahidi kwamba akiulizwa atasema wao ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Siku walipokwenda, daktari aliwaweka vyumba viwili tofauti, kila mmoja na karatasi yake ya maswali kuhusu mwenzake. Mita hakuwa ametegemea hilo. Baada ya robo saa daktari aliziweka karatasi zile mbili mezani, ubavu kwa ubavu, akawaita waingie. Kwa mujibu wa Mhuri, rafiki yake alikuwa na watoto watatu, alipenda mpira kupita kiasi, na hajawahi kuugua hata siku moja tangu wajuane, mzima kama chuma. Mita hakuwa na mtoto. Mpira hakuujua hata unavyohesabiwa. Kuhusu Mhuri, Mita alikuwa ameandika mistari miwili tu, na mmoja ulihusu mhuri.

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Aliwaambia kwa upole kwamba hawezi kuitumia sauti hiyo kama sauti ya mtu wa karibu, lakini kama Mhuri ataridhia, wanaweza kuirekodi wamsikilizishe mshiriki mwingine kama sauti ya mtu asiyemjua. Mhuri akaridhia. Alisoma sentensi zake kumi kwa sauti ya mtangazaji wa redio, ila alipotoka nje uso ulikuwa umemshuka.

Walikaa kwenye ngazi za hospitali. Mhuri ndiye aliyeanza.

"Miaka kumi na mmoja karatasi zako zinapita mkononi mwangu. Sijui hata kama una mtoto. Hao watatu sijui niliwatoa wapi."

Mita akamwambia hana neno, hata yeye hakufanya vizuri zaidi. Halafu, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshaingia na hakuna kilichobaki cha kulinda, akamweleza ule utafiti ni wa nini hasa, na ile miezi mitatu aliyokosekana kazini alikuwa wapi.

Mhuri akamgeukia. "Si ulikwenda kumuuguza shangazi yako?"

"Sina shangazi."

"Tulikuandikia kadi ya pole. Ofisi nzima tulitia saini."

"Ninayo mpaka leo."

Mhuri alijizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka puani, na Mita naye akajikuta anacheka, wanaume wawili wazima kwenye ngazi wakimcheka shangazi ambaye hajawahi kuzaliwa. Watu waliopita na vikadi vyao vya hospitali waliwatazama. Walipotulia, Mhuri akauliza kama kweli katika dunia hii hana ndugu. Mita akasema ana dada. Mhuri akauliza, kwa sauti ya chini, kama amefariki.

"Yuko hai," alisema Mita. "Anakaa vituo vitano vya basi kutoka kwangu."

Dada huyo alimpita miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, yeye dada alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake minane, na baba alikuwa mtu wa safari. Kwa hiyo dada ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule, akamfundisha jedwali la kuzidisha huku akifua. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika yote hayo hakuwahi kuchelewa kipindi. Mita alipougua, dada alikuja. Alikuta mlango haujafungwa kwa ufunguo, mapazia yameshushwa saa sita mchana, na mdogo wake amelala na nguo za juzi. Aliyafungua mapazia kwa nguvu mpaka pete moja ikang'oka. Akasema maneno mengi, na la mwisho alilisema akiwa mlangoni, majirani wakiwa wamechungulia kwenye korido: huu si ugonjwa, huu ni uvivu wa mwanaume mzima aliyezoea kubebwa. Mita hakuwa na nguvu hata ya kunywa maji, lakini nguvu ya kumwambia dada yake atoke na asirudi aliipata. Dada, ambaye hajawahi kufukuzwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemlisha, alitoka. Na kweli hakurudi.

Mhuri alipoyasikia hayo alisema kwamba damu ni nzito kuliko maji, na wewe, Bwana Mita, maji yenyewe unayapima kila siku. Ulikuwa utani wa kitoto, lakini Mita aliondoka nao.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi. Nyumba ya dada ilikuwa vile vile, ngazi tatu za saruji, maua kwenye makopo ya rangi, pazia la shanga mlangoni. Alibisha, akasikia kiti kikisogezwa. Dada alifungua mlango, akamtazama kuanzia kwenye viatu, kama alivyokuwa akimkagua zamani kabla ya kwenda shule.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

"Ingia."

Alimpa chai. Mezani kulikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi na kalamu nyekundu. Mita alieleza habari ya utafiti, na dada alimsikiliza kwa uso ule ule anaomsikilizia mwanafunzi anayeeleza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Yale ya miaka minne hawakuyagusa. Yalikaa nao mezani kama mgeni wa tatu, wakayazunguka. Alipomaliza, dada aliuliza swali moja tu, na ndilo Mita aliloomba moyoni asiulizwe.

"Hiyo mashine itaonyesha kama uliumwa kweli?"

"Sijui. Huenda."

Dada aliifunga kalamu yake. "Basi nitakuja. Nataka nione mwenyewe."

Mita alirudi nyumbani hajui afurahi au ahuzunike. Dada alikuwa anakuja, ndiyo, lakini alikuwa anakuja kama shahidi wa upande wa pili. Siku nne zilizofuata aliiwaza ile picha. Alijiambia kwamba pengine kutakuwa na doa, kivuli fulani, kitu cha kuonyeshea kidole. Alikitamani kivuli hicho kama mtu anayetamani risiti.

Chumba cha kurekodia kilikuwa chini kabisa ya jengo la hospitali, pembeni ya stoo ya mashuka. Daktari aliwapokea, akamshukuru dada kwa kuacha shughuli zake. Dada hakungoja aketi. Akauliza kama picha itamwonyesha ugonjwa wa mdogo wake, na kama hapana, itaonyesha nini.

Daktari aliyaweka mafaili chini. "Hapana, mama. Picha ya mtu mmoja haiwezi kuniambia kama aliugua. Nikikusanya watu wengi waliougua na wengi wasiougua, nikawalinganisha makundi kwa makundi, naweza kuona tofauti, tena ndogo. Lakini ukinipa picha moja mkononi ukaniuliza huyu ni wa kundi gani, nitakuwa nabahatisha."

Kivuli cha Mita ndicho hicho kimekwenda. Lakini dada alikuwa ameinamisha kichwa upande, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa ya mwalimu aliyekutana na jibu sahihi mahali asipolitegemea.

"Wastani wa darasa haukwambii alama za mtoto mmoja," alisema.

"Ndivyo hasa."

"Sasa mnajuaje kwamba mtu anaumwa?"

"Tunamuuliza," alisema daktari. "Halafu tunamsikiliza anavyojibu."

Dada alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa mtandio wake, ikawa safi, akaendelea kuipangusa. Daktari, aliyekuwa na akili ya kujua lini atoke, akasema anakwenda kuwasha mitambo. Waliachwa wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, wakitazama mbele.

"Ilikuwaje?" aliuliza dada.

Mita hakuwa amejiandaa. Alikuwa amewahi kumwambia mshauri wa kliniki, lakini mshauri hakumjua alipokuwa mtoto. Alianza na viatu. Alimwambia jinsi alivyozitazama kamba akijua kabisa zinafungwaje, na mikono ikakataa, si kwa maumivu, ila kama mikono ya mtu mwingine aliyekaa mbali. Alimwambia jinsi chakula kilivyokuwa na ladha ya karatasi. Alimwambia kwamba siku dada alipoyafungua mapazia mwanga ulimuuma kama maji ya moto, na kwamba alitaka kuamka amfurahishe, wallahi alitaka, na hakuweza. Alieleza bila kupamba, kwa sauti anayosomea tarakimu za mita. Dada hakumkatiza hata mara moja, na kwa mtu aliyemjua dada, hilo pekee lilikuwa jambo la kuandikwa.

Daktari aliporudi, dada aliinuka, akaingia kwenye kijichumba chenye kioo, akavishwa vipokea sauti masikioni. Alitakiwa asome sentensi kumi za kawaida, kisha aseme jambo lolote analotaka kwa dakika moja, na Mita asilisikie mpaka atakapokuwa ndani ya mashine. Mita aliona midomo yake kupitia kioo. Sentensi zilikwenda haraka. Ilipofika dakika ya maneno yake mwenyewe, alikaa na mikono mapajani, kimya, mpaka Mita akadhani hatasema kitu. Halafu akaanza.

Jumanne ya wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya picha. Dada hakuhitajika, ila alikuja, na kifurushi cha madaftari kwapani, akasema amebadilishana vipindi na mwenzake.

Mhudumu wa mashine alikuwa bwana mmoja mnene mwenye maneno. Alimvua Mita mkanda, saa, funguo, akamuuliza kama ana chuma chochote mwilini, maana sumaku hii, alisema, haina adabu, jino la chuma linaweza kukutangulia kuingia. Alimlaza kwenye kitanda chembamba, akamziba masikio kwa vizibo vyenye mrija wa sauti, akamfunika uso kwa fremu iliyofanana na tundu la ndege, na mkononi akampa mpira mdogo wa kubonyeza akizidiwa. Kwenye fremu kulikuwa na kioo kidogo cha kumwezesha kuona miguu yake mwenyewe na ukuta. Agizo lilikuwa moja: kichwa kisitikisike, hata akiwashwa na pua.

Kitanda kilisogea ndani. Kelele zilianza, za mtu anayegonga pipa kwa nyundo, kisha mlio mrefu kama wa king'ora, kisha pipa tena. Mita alifumba macho. Kwenye masikio yake ikaingia sauti ya mwanamke asiyemjua. Kikombe kiko juu ya meza. Mvua imekatika. Mtoto amekwenda dukani. Ilikuwa sauti nzuri, ikapita. Kisha ikaja sauti ya dada, sentensi zile zile, ila yeye alizisoma kama imla: kikombe kiko, juu ya meza, nukta. Nukta hakuitaja, lakini ilisikika. Mita aliuma meno asicheke.

Kukawa na kimya kifupi. Pumzi ya mtu. Halafu dada akasema:

"Mdogo wangu. Nimeambiwa niseme lolote. Mama alipofariki ulikataa kula siku mbili. Nikakutisha nitakuchapa, ukala. Nikadhani nimeipata dawa ya huzuni. Nilipokukuta umelala nikatoa dawa ile ile, kwa sababu sikuwa na nyingine. Niliogopa. Mimi nikiogopa nakuwa mkali, unanijua. Nilirudi mara mbili mpaka kwenye ngazi zenu, nikashindwa kupanda. Sikujua kuhusu viatu. Na lile neno nililolisema mlangoni, mimi..."

Kengele ikalia. Dakika ilikuwa imeisha. Sauti ya mwanamke yule mwingine ikarudi, ikasema kikombe kiko juu ya meza.

Machozi ya mtu aliyelala chali hayadondoki, huteremka masikioni. Mita aliyahisi yakiingia chini ya vizibo, akajaribu kukaza shingo, na kadiri alivyokaza ndivyo mabega yalivyotetemeka. Spika ikakoroma. Mhudumu alimwambia anatikisika, akauliza kama kuna tatizo. Mita akajibu ni pua.

Alipotolewa, daktari alikuwa mbele ya kompyuta na mhudumu. Walimwonyesha. Picha za mwanzo zilikuwa safi, mikunjo ya ubongo wake imepangika kama kabichi iliyokatwa katikati. Za mwisho zilikuwa ukungu mtupu, kama picha ya mtoto aliyekataa kusimama. Sehemu ile yote, daktari alisema, haiwezi kutumika. Mita aliomba radhi kwa kuharibu kazi ya watu.

"Hujaharibu," alisema daktari. "Kompyuta ndiyo haiwezi kuisoma. Na si wewe wa kwanza, ndiyo maana tunaacha siku za akiba. Tutarudia Jumanne ijayo."

Dada alikuwa kwenye chumba cha kungojea, madaftari yamepangwa kiti cha pili, kalamu nyekundu inakwenda. Mita alikaa upande wa pili wa madaftari, masikio bado yana unyevu.

"Kengele ilikukata," alimwambia.

"Ilinikata wapi?"

"Kwenye lile neno."

Dada aliitazama hesabu iliyokuwa mbele yake, akaiwekea alama ya kosa, kisha akaona si kosa, akairekebisha. "Nilikuwa nasema sikupaswa kulisema. Mwanafunzi akikosea namwambia futa, andika upya. Sasa neno walilolisikia majirani wa korido nzima, sijui linafutwaje."

"Wawili walishahama," alisema Mita.

Dada alimtazama, mdomo ukacheza. "Waliobaki?"

"Mmoja hasikii vizuri."

Hapo dada akacheka, kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, na mhudumu wa mashine akachungulia kuona kuna nini. Mita alisema na yeye pia alikosea, kwamba kumfukuza aliyemlea ni jambo ambalo amelibeba kila siku. Dada akamwambia alitue basi, maana yeye la kwake limemchosha mkono. Wakatoka pamoja, Mita amebeba madaftari.

Jumanne iliyofuata walirudi. Mita alilala kama gogo, alimsikiliza dada yake mwanzo hadi kengele, na picha zikatoka safi. Mhudumu alimchapishia moja ya kukaa nayo. Dada aliigeuza huku na huku, akasema kichwa kikubwa alizaliwa nacho, mashine haikuhitajika.

Matokeo ya utafiti yalikuja miezi mingi baadaye, kwenye barua ya kurasa mbili waliyotumiwa washiriki wote. Ilisema kwamba katika wengi wao sauti ya mtu wa karibu iliamsha ubongo kuliko sauti ya mgeni, kwamba kwa waliougua tofauti hiyo ilikuwa ndogo kidogo, isipokuwa kwa wale waliokutana na watu wao mara kwa mara, na kwamba bado ni mapema kusema kwa uhakika. Mita aliisoma mara mbili, akampelekea Mhuri. Siku hizi walikula pamoja mchana, kwenye benchi nyuma ya ofisi, na Mhuri alishajua kwamba mpira hausaidii, azungumzie mambo mengine. Akiwa na Mhuri ubavuni ndipo Mita alipomwendea msimamizi wao, akamwambia kwamba Alhamisi huwa anakwenda kliniki ya afya ya akili, hapimi presha. Msimamizi alichukua kalamu, akaandika kwenye ratiba, akauliza kama kuna lingine.

Kila Jumapili Mita alikwenda kwa dada. Ilikuwa Jumapili moja kati ya hizo, saa kumi jioni, wamemaliza kula, dada anaosha vyombo na Mita anafuta. Alikuwa ameona tangu alipoingia kwamba rundo la madaftari mezani limekuwa marundo matatu, na la chini lina vumbi. Kwa dada aliyemjua hilo halikuwa la kawaida. Lakini alichukua sahani nyingine, akangoja.

Dada aliongea akiwa amempa mgongo. Alisema tangu mtoto wake wa mwisho ahame, nyumba imekuwa kubwa. Anaamka alfajiri bado giza, anatazama dari mpaka saa iite. Darasani anasimama na chaki mkononi, anasahau alikuwa anataka kuandika nini. Juzi mwanafunzi alimuuliza kama anaumwa, akamfokea, na mtoto wa watu hakuwa na kosa.

"Tangu lini?" aliuliza Mita.

"Tangu mwaka jana."

"Umemwambia nani?"

"Si nakwambia wewe."

Mita aliiweka sahani aliyokuwa anaifuta. Angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa na haki ya kusemwa. Alimwambia kliniki iko wazi Alhamisi, foleni ni fupi mtu akifika saa mbili, na kwamba atakuja kumchukua. Dada akasema njia anaijua. Mita akasema anajua kwamba anaijua, na atakuja hata hivyo.

Alhamisi walikaa kwenye benchi refu la kliniki, yeye upande wa ukuta, dada upande wa njia, amevaa gauni lake la mikutano ya wazazi. Mara mbili alisema pengine wangerudi wiki ijayo, shule ina mitihani, na mara mbili Mita alimjibu kwamba shule itasubiri. Kisha namba yake ikaitwa. Dada alisimama, akanyoosha gauni, akamkabidhi mdogo wake mkoba wake amshikie, akaingia.

Mita alibaki na mkoba magotini, akausogeza vizuri usianguke, akangoja.